Nusu Deka ya Vinzenz Pokorny

Mwaka mzima umetimia, Baba, tangu ile Jumatano ya Machi ulipotuachia kiti chako kando ya jiko, hapa mtaani kwetu Favoriten. Hakuna anayekikalia. Mama huweka juu yake kapu la nguo za kupiga pasi, na akiliondoa husema, "Samahani, Vinzenz."

Tulitaka kuandika maneno ya huzuni, kama watu wanavyofanya. Tulikaa mezani mara tatu, na mara tatu tukaishia kucheka. Kwa hiyo utatusamehe.

Tunakumbuka mikono yako iliyokwaruza mashavu yetu, na udongo wa kiwanda cha matofali usiotoka kwenye kucha hata Jumapili. Tunakumbuka ulivyompandishia yule mjane wa ghorofa ya nne makaa yake kila Jumamosi. "Usinishukuru, shangazi," ulimwambia, "mimi nafanya mazoezi tu." Nami Lida nilipoanza shule ya jioni, mtu mzima tayari, ulinisubiri na supu ya moto na swali moja: "Leo wamekufundisha nini?" Kesho yake uliwafundisha wenzako kazini kana kwamba ulizaliwa ukijua.

Na hukujua kukataa chakula ulichopewa kwa moyo mweupe. Hilo ndilo karibu likuponze.

Zenzi wetu, mjukuu wako, akikua atataka kujua, kwa hiyo tunaliandika.

Ilikuwa masika ya mwaka 1908, nawe una miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi ulikuwa ukinyanyua chuma na chama cha Mwaloni, katika chumba cha nyuma cha baa ya Bwana Kratky. Hukuwahi kushinda, kwa sababu siku hizo wote walishindana pamoja: wewe na kilo zako sabini na tano, na watu kama Bwana Kratky mwenyewe, aliyepita mlangoni kwa ubavu. Ndipo yakatangazwa, hapo hapo kwa Kratky, mashindano yenye kundi la uzito wa kati. Mwisho kilo sabini na tano.

"Haya ni yangu, Barbora," ulimwambia Mama. "Nisipoyapata haya, mkanda wangu nautundika ukutani, basi."

Desturi ya Mwaloni tunaijua sote. Asubuhi ya mashindano chama kinamlisha mtu wake, maana kwao uzito ndio nguvu. Wakaja na bata bukini mzima, madonge ya viazi kumi na mawili na majagi ya bia. "Kula, Vinzenz, leo siku yako!" Ukala. Hakuna aliyekumbuka kwamba safari hii kuna mizani mlangoni. Hata wewe, Baba.

"Kilo sabini na sita na deka ishirini," akasoma mwamuzi. "Bwana Pokorny, utanyanyua na wazito."

Zwettler, yule mchinja nyama aliyetazamiwa kushinda, alikuwa amesimama nyuma yako akisubiri zamu. "Jamani, si tulisema kila mtu apimwe peke yake? Huyu kaingia na bata!"

Ulikuwa na saa mbili kabla mizani haijafungwa. Bwana Kratky alijishika kichwa. "Nimemmaliza kijana wangu kwa madonge!" Wakakuvika makoti matatu na blanketi la farasi, ukaanza kuzunguka ua mbio. Bwana Kratky naye alikimbia kwa kujuta, mpaka ikabidi akalishwe chini na kupepewa. Ukarudi mizanini. Bado. Ukanyolewa nywele. Bado. Kinyozi akatazama masharubu yako, yale uliyoyapaka nta kila asubuhi kabla hata ya kunisalimia.

"Yote?"

"Yote. Haraka, kabla sijabadili mawazo."

Na bado! Nusu deka, Baba. Katika kilo moja mna deka mia, nawe nusu ya moja tu ilikusimamisha mlangoni. Kilichobaki mwilini ni kaptura na pete ya ndoa.

Wakamwita Mama. Hakuwahi kukanyaga mashindano hata siku moja. "Sikuolewa ili nikatazame wanaume wakinguruma," ndivyo alivyosema siku zote. Akaingia, akakutazama, akamgeukia Bwana Kratky.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Si ndiye huyu, mama."

"Huyu? Huyu simjui."

Ukamwonyesha kidole chenye pete. "Barbora, niliapa kanisani kwamba haitatoka."

"Uliapa kanisani, hukuapa kwenye mizani. Lete kidole."

Akatumia sabuni ya jikoni kwa Kratky. Pete ikatoka na ngozi kidogo. Ukapanda tena, na ulimi wa mizani ukatulia.

"Sabini na tano kamili. Pita."

Mengine watu wa Favoriten wanayasimulia mpaka leo, na kila mwaka wanaongeza kilo. Sisi tunaandika kama Mama alivyoona. Zwettler alinyanyua mia moja na tano kwa mikono miwili. Wewe ukaomba mia moja na saba. Mara ya kwanza chuma kikaanguka. Mara ya pili kikaanguka. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Kikafika mabegani, nawe umechuchumaa chini yake, umekunja uso, unatetemeka, huinuki.

Mama alikuwa amefumba ngumi juu ya pete. Akapiga kelele, "Vinzenz! Inuka, twende nyumbani!"

Ukainuka. Mikono ikanyooka juu, mwamuzi akahesabu mpaka mbili, na Bwana Kratky akalia mbele za watu. Zwettler ndiye wa kwanza kukukumbatia. "Bwana we, ungebaki na yule bata, ungeninyanyua na mimi."

Kikombe hukukitazama. Ulikwenda moja kwa moja kwa Mama, kidole mbele. "Nirudishie pete yangu."

"Ngoja kwanza. Mimi niliolewa na mwenye masharubu. Yakiota, njoo."

Ikachukua wiki tisa. Majirani walikuuliza ngazini, "Vipi uchumba, Vinzenz?" nawe uliwajibu, "Unaota, unaota." Halafu Jumapili moja ukabisha hodi kwenye mlango wako mwenyewe, nta masharubuni, ua mkononi. Nilikuwa na miaka mitano, mimi ndiye niliyekufungulia. "Mama," nikasema, "kuna mgeni." Akafuta mikono yake kwa aproni, taratibu kabisa, akakuvika. Basi mimi ni miongoni mwa watoto wachache waliohudhuria harusi ya wazazi wao.

Pete ile haikutoka tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana, kifua kilipokuwa kimekukondesha, iliteleza yenyewe juu ya blanketi, bila sabuni. Mama akaiokota, akaifumba ngumini. Wewe ndiye uliyesema.

"Unaona, Barbora? Leo ningepita bila kunyoa."

Akacheka, Baba. Tunataka ujue kwamba alicheka, na kwamba tangu siku ile hajaacha kabisa.

Mjukuu wako alizaliwa Julai. Hukumwona, lakini ana jina lako: Vinzenzia, nasi twamwita Zenzi. Tulipompeleka kupimwa, nesi alimweka mizanini akatikisa kichwa. "Mtoto huyu mzito, mama." Mama akaita kutoka benchi la nyuma, "Basi mnyoeni masharubu!" Nesi hakuelewa. Mimi ilibidi nitoke nje nicheke vizuri.

Pete sasa iko kwenye uzi shingoni mwa Mama. Zenzi anaota meno, na akipakatwa huikamata na kuing'ata. Tukijaribu kumfumbua vidole, anakunja uso, anatetemeka, haachii. Mama humwangalia, kisha humnong'oneza, "Haya, inuka, twende nyumbani."

Unakumbukwa na mkeo Barbora. Mwanao Lida na mumewe Otto. Mjukuu wako Zenzi. Na Bwana Kratky pamoja na wote wa Mwaloni, ambao Jumapili hii watakula bata bukini kwa jina lako, bila mizani mlangoni.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, bila kupunguza hata nusu deka.