Chupa za Korongo Mweusi

Shauri Moyo,
2 Machi 2025

Ochola mwanangu,

Salamu hizi zikukute umeshiba na umevaa sweta, maana nasikia huko Nakuru baridi haina adabu. Naandika kwa hii simu uliyoninunulia, kwa kidole kimoja, miwani puani, kwa hivyo makosa usiyacheke. Ukinipigia unasema "niko poa, mathe," halafu unakata. Ukiniandikia nasoma, nasoma tena, nalala nayo.

Mimi sijambo. Goti ndilo lile, mvua ikikaribia linajua kabla ya redio.

Sasa baba, hebu nieleze tena hiyo kazi. Leo tukitoka kanisani Selpher, mama yake Gordon, ameniuliza mbele ya watu, "Perez, kwani vijana wetu wanazunguka nchi nzima na gari wakifanya nini?" Nikasema wanatafuta bia. Wee! Akina mama walicheka hadi mmoja akasema, "Wa kwangu huipata hapo kwa kona tu, na harudi!" Nilicheka pia, lakini kwa meno tu. Unajua ni kwa nini. Baba yako Zedekiah alitoka nyumba hii akiona, akaletwa ameshikwa mkono, jua liko juu ya mabati, akaniambia, "Perez, mbona hamjawasha taa?" Kesho yake tulikuwa tunatafuta pesa za jeneza. Na alikunywa glasi aliyopewa na mtu aliyemwamini.

Nimefagia chini ya kitanda chako. Zile chupa tupu zenye picha ya ndege mweusi nimempa Mumo, yule wa mkokoteni anayekusanya chupa na vyuma. Alifurahi, akazipanga kama mayai. Nyumba imepumua.

Usinywe kitu usichojua kimepikwa na nani.

Ni mimi mamako,
Perez


Nakuru,
5 Machi 2025

Mama yangu,

Nimeisoma yako nikiwa nimevaa sweta, tena ile ya kijani uliyofuma. Mimi mzima, Gordon mzima, anakusalimia na kuuliza kama chapati zimebaki.

Kazi ni hivi. Madam Elsie ana mkahawa wake mjini na hataki kuuza bia ambayo kila baa inayo. Basi ananituma kwa wapishi wadogo wadogo, watu wanaopika mapipa machache tu kwa mikono yao. Naonja, namwambia ipi ni ipi. Kuna ya ngano, inanukia ndizi mbivu. Kuna yenye uchachu, ungedhani ni ule uji wako wa siku ya tatu. Juzi nimeonja moja ambayo shayiri yake imekaushwa kwa moshi, Mama, ni samaki wa kubanikwa mtupu! Gordon alitafuta ugali. Mimi huonja kidogo. Yeye ndiye humaliza, tukishaegesha gari, usimwambie mamake.

Zile chupa za ndege usijali, zilikuwa kumbukumbu tu. Hiyo ni Korongo Mweusi, bia nyeusi tititi iliyopikwa na wazee wawili kule Naivasha. Sijawahi kuonja nzuri kuishinda. Wazee wamefunga kazi. Madam Elsie anaitamani hata kreti moja, kwa hivyo nimetangaza kwenye makundi yote ya wapenzi wa bia kwamba aliye nayo atutafute, tutalipa vizuri.

Kile alichokunywa Baba hakikuwa bia. Hii ina mpishi, ina kibali, ina jina. Lala, Mama.

Mwanao,
Ochola


Shauri Moyo,
9 Machi 2025

Ochola,

Habari ya huko? Hapa tunashukuru Mungu, maji yamerudi.

Kuhusu samaki, kama unataka bia inayonuka samaki njoo soko la Gikomba usimame tu, utanusa bure.

Baba, unasema ina jina. Hata ile ya baba yako ilikuwa na jina, tena zuri. Lakini si hilo lililonifanya niandike. Mumo amepita tena leo. Hakuuliza chuma, hakuuliza mitungi. Ameuliza, "Mama Ochola, hakuna zingine za ndege?" Nikamwambia za nini? Akasema kuna mtu Ziwani, huko mtaani kwa Selpher, anazitaka hizo tu, na karatasi zake za jina ziwe hazijachanika. Za soda amekataa. Za wiski amekataa.

Nimeosha vyombo nikifikiria. Mtu anataka chupa tupu ya bia ambayo haipikwi tena, ya nini? Nakuuliza wewe uliyesoma. Mimi najua tu kwamba chupa tupu haikai tupu.

Nijibu haraka, moyo unanienda mbio.

Mamako,
Perez


Eldoret,
12 Machi 2025

Mama,

Natumai moyo umetulia kidogo na goti halikusumbui. Sisi tuko salama.

Huyo mtu wa Ziwani huenda anatia asali, au anazipanga ukutani. Siku hizi chupa ni mapambo, Mama, watu wanatia na taa ndani. Usijikondeshe.

Sasa sikia habari: nimeipata! Korongo Mweusi! Jamaa mmoja ameona tangazo langu, ana chupa sita ambazo hazijafunguliwa, zilikuwa kwenye stoo ya mjomba wake Naivasha. Nimekuwekea picha uone. Anazituma kwa basi hadi Kisumu, tutazichukua Jumamosi. Gordon ameshaanza kuimba garini, na anaimba vibaya kama kawaida.

Kesho tunapanda milimani kwa mpishi mmoja, kule mtandao ni wa kubahatisha. Nikinyamaza usishtuke.

Mwanao mwenye furaha,
Ochola


Shauri Moyo,
14 Machi 2025

Ochola Ochola Ochola,

Sikusalimii. Nisamehe, nitakusalimia baadaye.

USINYWE.

Niliangalia ile picha jana, sikuona kitu. Leo nimempelekea Hikma, msichana wa Hamidi mwenye duka, nikamwambia anikuzie, macho yangu mabovu. Akaikuza. Chupa ya pili kutoka kushoto, shingoni, pana nta nyekundu. Hiyo ni nta yetu. Ni ya ile mishumaa ya Krismasi niliyokuwa nachomeka kwenye chupa zako stima ikipotea. Niliikwangua kwa kisu ikabaki kidogo pale kwenye mkunjo wa kioo. Hiyo chupa haikutoka kwa stoo ya mjomba wa mtu. Ilitoka kwa nyumba yangu ikiwa tupu, nikaiosha mimi mwenyewe.

Nimepiga simu, yule dada anasema hupatikani. Nimepiga ya Gordon, vilevile.

Nijibu.

Mama


Shauri Moyo,
15 Machi 2025

Baba,

Ya jana ina alama moja tu. Hikma anasema maana yake haijakufikia.

Nimeenda Ziwani na Mumo. Ni chumba cha nyuma, kufuli mpya. Jirani anasema mwenyewe amehama juzi. Dirishani tumeona sufuria lenye sukari iliyounguzwa ikawa nyeusi kama hiyo bia yenu, na mitungi ya plastiki, na hiyo harufu, Ochola, hiyo harufu naijua, niliifua kwenye shati la baba yako. Mumo ameketi chini akashika kichwa. Tumepiga ripoti kwa polisi, wameandika.

Leo ndiyo Jumamosi. Nimepika nikasahau kuwasha jiko. Kila simu ikilia kwa majirani naruka.

Mwanangu, kama uko mezani, weka chini. Hata kama umeshaifungua, weka chini. Hata kama watu watakuona mshamba.

Mama


Kisumu,
17 Machi 2025

Mama,

Mimi ni mzima. Nilitaka ulione hilo kabla ya lolote, nisamehe kukuchelewesha siku mbili.

Tulizichukua Jumamosi jioni. Bia nyeusi hainywewi baridi, unaimimina unaiacha ipate joto ndipo ifunguke. Chupa zilikuwa zimekaa kwenye barafu, kwa hivyo nilimimina glasi mbili nikaiweka yangu dirishani. Haikutoa povu la maana, nikasema ni uzee. Gordon akaniambia, "Wewe subiri kama unaatamia mayai. Mimi nina kiu." Akashusha yake. Akamimina nyingine. Nilimuuliza ikoje, akasema, "Kali, boss. Hii imekomaa."

Hapo ndipo simu yangu, iliyokuwa imezima tangu milimani, ilipopata chaji ikashika mtandao wa hoteli, na barua zako mbili zikaingia kwa pamoja.

Sikuigusa yangu, Mama. Nilimtapisha, nikamkimbiza hospitali. Wanamsafisha damu kwa mashine. Daktari anasema ataishi. Kuhusu macho hawasemi kitu. Yako wazi, lakini nikiwa upande huu wa kitanda yeye anazungumza na ule.

Polisi wamechukua chupa. Yule jamaa simu yake imezimwa. Tangazo ni langu, Mama. Mimi ndiye niliyemwita.

Selpher hajui. Nimempigia mara kadhaa, akisema "halo" nakata. Siwezi. Nakuomba uende wewe, umwambie ana kwa ana.

Ochola wako


Ziwani,
18 Machi 2025

Mwanangu,

Nakusalimia sasa, kwa ile siku nilipopita bila salamu. U mzima. Nimelisoma neno hilo nikapiga magoti, goti bovu na zima, kisha nikaona aibu nikasimama.

Nilimkuta Selpher akichagua mchele. Akaniambia, "Umetembea mpaka huku na mguu huo? Kwani kuna matanga?" Nikakaa. Nikamwambia yote ya Kisumu, polepole, nikimshika mikono yenye mchele. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Na Ochola?" Nikasema hakunywa. Akasema, "Mungu asifiwe. Basi Gordon ana mtu wa kumshika mkono." Alisema kutoka moyoni kabisa. Nilitamani anitukane.

Sijamwambia chupa zilitoka chini ya kitanda gani. Niliufungua mdomo, ukatoa maneno mengine. Lakini nitamwambia, Ochola. Nitamwambia tukifika, kabla hajaingia wodini, asije akanishukuru mbele ya mtoto wake. Wewe ya tangazo lako utayasema mwenyewe. Ya chupa niachie.

Naandika hapa kwake. Anafunga mzigo, tunaondoka na basi la asubuhi. Ametia shati la Gordon la kanisani, ametia soksi. Sasa hivi ameipata miwani ya Gordon ya kuendeshea gari juani, aliyoisahau hapa. Ameifuta kwa leso vizuri, pande zote mbili, akaiweka juu kabisa ya mkoba isije ikavunjika. Sikumwambia aiache.

Ukituona getini, usinikimbilie mimi. Anza na yeye.

Mama yako