Wameuliza Kama Ni Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Simu kutoka ofisi ya ustawi wa jamii. Wanatuita sote wawili, mimi na baba mtoto. Nani amepeleka maneno sijui, na sitaki kujua. Posho yangu ni ya mama anayelea peke yake, na sasa wamesikia kuna mwanamume ndani. Yupo, ndiyo! Tuliachana zamani. Alipopata kiharusi ndugu zake wote walimkwepa, nikamtandikia sebuleni. Huyo ni mume? Hata mimi sijui. Ninachojua, posho ikikatwa binti yetu anarudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfundisha. Ukiulizwa lolote kunihusu, sema hujui. Akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka. Eti hilo halihitaji mazoezi, si ndiyo sababu nilimwacha? Sikucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Tumehojiwa, kila mtu chumba chake, maswali yale yale. Ofisa ni bwana mpole mwenye miwani. Mwishoni akanisomea majibu ya mwenzangu. Napenda kula nini? Hajui. Nalala saa ngapi? Hajui. Nina tatizo lolote la afya? Hajui.

Sikio langu la kushoto limekufa tangu utotoni! Nilipaswa kufurahi, majibu ndiyo hayo tuliyoyataka. Nimelia chooni kama mjinga. Alikuwa ananitii, au kweli hajui? Nimeshindwa kumuuliza.

Jumanne, 12 Machi

Ofisa amekuja kukagua nyumba. Sasa yuko uani anapiga simu. Naandika jikoni.

Mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Ameona kitanda cha sebuleni, nguo zake kwenye sanduku lake. Ilibaki sahihi tu. Tukaketi, baba mtoto kushoto kwangu. Alikuwa na neno la kuniambia. Akashika mkongojo, akanyanyuka kwa taabu, akazunguka nyuma ya kiti changu, akakaa kulia. Ndipo akaninong'oneza kwamba chai ya mgeni inachemka.

Kumbe hufanya hivyo kila siku — mezani, mlangoni, kila mahali. Mimi sijawahi kuliona.

Ofisa aliliona. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, mbona umehama?"

Baba mtoto akanitazama, kisha akamtazama ofisa.

"Upande ule hasikii."

Ofisa akavua miwani, akaomba kutoka kidogo amuulize mkubwa wake.

Naogopa. Ada ya mtoto, Mungu wangu! Na nimefurahi — aibu hata kuandika, lakini nimefurahi. Mlango wa uani huo unafunguka. Baba mtoto ananiita