Maji ya Birika Hayakuonjwa

Mwalimu Owor,

Ninakuandikia kwa kalamu yako nyeusi. Mjane wako alinipa siku ya tatu baada ya mazishi, akasema, "Chukua, shemeji, na hivyo vitabu vyenu vya Warumi. Mimi vinanitisha." Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike hapo kijijini kwako Mwello, upande wa Uganda. Mvua ilikula udongo upande wa kichwani, tumeurudishia. Muhogo wako umekomaa. Mbwa wako amehamia kwa jirani na wala haoni haya.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Diwani amekufa. Alikufuata baada ya miezi miwili, kwa ugonjwa ule ule wa sukari uliomla mguu. Kuhusu kifo chake sina swali. Swali langu ni kwa waliobaki. Yona, mwanawe wa mke wa kwanza, bado anafundisha shule ya msingi. Na Silvesta, yule ambaye mke wa pili alikuja naye akimshika mkono, Diwani akampa jina lake kama mtoto wa kumzaa, sasa ndiye anayeshika funguo zote za ile nyumba. Kiti cha udiwani kiko wazi na wote wawili wanakitaka. Watu wengi wako upande wa Yona. Mama Silvesta analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ni wewe uliyewafananisha kwanza na watu wa vitabu vyetu. "Mkimbizi," uliniambia, "Roma haikuanguka. Ilihamia hapa." Hakuna mwingine aliyeniita Mkimbizi nikacheka. Miaka arobaini nimekaa katika chumba cha kupanga Busia upande wa Kenya, na Buteba nilikozaliwa ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Ninavuka mpaka kila wiki, lakini kwetu sifiki.

Nazikumbuka zile Jumapili. Wewe ukisoma Kilatini chako cha seminari, mimi nikikigeuza Kiswahili katika daftari, kisha tunawapelekea wazee kwenye chungu cha malwa, ile pombe yetu ya ulezi, kwa Diwani. Mke wa Diwani anavuta mrija wa kwanza mbele ya macho yetu, kama desturi inavyotaka, ili kila mgeni ajue kinywaji ni salama. Halafu birika la maji moto linazunguka, chungu kinaongezwa maji, na wewe unaanza kusimulia.

Uliwasimulia jinsi Kaisari Klaudio alivyomwoa Agripina, naye akaja na mwanawe Nero. Jinsi mama yule alivyowaondoa watu waliomlea Britaniko, mtoto wa Klaudio mwenyewe, mmoja leo, mwingine kesho, hadi akabaki peke yake katika nyumba ya baba yake. Kisha Klaudio akala uyoga, akafa. Wazee walipiga kelele: "Mama Silvesta! Leo mboga gani? Kama ni uyoga mimi nakwenda nyumbani!" Naye alicheka pamoja nasi. Nakumbuka alicheka vizuri sana.

Halafu ile karamu. Kinywaji cha Britaniko kilionjwa na mwonjaji, kikawa salama, ila kilikuwa moto mno. Akaongezewa maji baridi. Sumu ilikuwa ndani ya maji. Akaanguka hapo mezani, na Nero, bila kuinuka, akasema ni kifafa chake cha tangu utotoni, atapata nafuu. Dada yake Britaniko hakutoa hata chozi, maana alikwisha jifunza kuficha uso. Wageni wakaendelea kula.

Mimi niliandika "maji baridi". Ukalifuta. "Nani hapa anatia maji baridi kwa malwa? Andika moto, wazee waelewe." Nilibisha. Nilisema tukibadili maji tunabadili kisa. Ukanicheka, ukaenda ukasimulia kwa moto, tena ukalinyooshea kidole birika lenyewe. Wazee wote walitoa mirija mdomoni. Kisha kicheko.

Silvesta ndiye aliyekuwa akimimina siku hiyo. Hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, na hiyo maji, hakuna mtu alionja?"

Ukamjibu, "Maji nani anaonja?"

Ndugu yangu, nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko maombi yangu. Kweli, nani? Sisi wote tunaangalia mrija wa kwanza. Birika hakuna anayeliangalia.

Jumanne iliyopita nilikutana na Silvesta sokoni. Alinisalimu kwa heshima. "Mzee wetu, habari ya Kenya?" Akasema mama yake ameita chungu cha upatanisho Jumamosi, kabla majina ya wagombea hayajapelekwa. "Tumalize maneno ya nyumba. Na Yona tutamwekea chungu chake peke yake, kwa heshima." Nikasema ni jambo jema. Nilikuwa nimekwisha geuka kwenda zangu aliposema, bila kuulizwa, "Lakini huyu ndugu yetu Yona tunamhurumia. Ana kifafa tangu mtoto. Anaangukaga tu."

Namjua Yona tangu hajaota meno. Sijawahi kumwona akianguka. Nilimuuliza mjane wako, akashangaa: "Kifafa? Nani kasema?" Nilipouliza kuhusu ile nyumba, nikaambiwa bibi aliyekuwa akiwapikia malwa miaka yote amerudishwa kwao Tiira. Mlinzi naye amebadilishwa.

Labda mimi ni mzee tu aliyesoma kupita kiasi. Nilimwendea Yona, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka. "Baba, hiyo si ilikuwa Roma? Nisipokwenda watasema nimemdharau mama mdogo. Hapo sipati kura hata moja." Na ni kweli. Hawezi kukosa, na akifika hawezi kukataa mrija.

Unakijua kilichonitoa Buteba. Ni wewe peke yako niliyekuambia. Miaka ile ya bunduki nilisikia jina la jirani yangu likitajwa na watu wasiotaja jina bure. Nilifunga vitabu kwenye baiskeli nikavuka. Nyumba yake ilikuwa njiani. Sikupita kwake kumwonya. Nilipokueleza, uliinua birika, ukaongeza maji, ukanisogezea mrija.

Basi Jumamosi nitavuka. Nitakaa karibu na birika. Mwenye nyumba akishavuta, na watu wakishatulia, nitatangulia kuweka kikombe changu chini ya birika. Nitasema, "Mama, kwetu Buteba huwa tunaonja hata maji." Ni uongo, hatuna desturi hiyo, na wewe ungenicheka mbele za watu. Nitamwomba aanze yeye. Akinywa, nitakuwa mzee mpumbavu wa Mwello nzima, na nitaubeba upumbavu huo kwa furaha hadi nikufuate. Asiponywa, kila mtu atakuwa ameona. Akisema mgeni ndiye aanze, nitaanza.

Sijui macho yangu yatakuwa na nguvu gani, lakini nitayaweka usoni mwa Silvesta. Kwenye chungu sitaangalia.

Nimefungua daftari letu na kulifuta neno lako. Nimerudisha "baridi". Najua halisaidii kitu sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa, na wewe ulinifundisha kuheshimu kilichoandikwa hata siku ulipokosea mwenyewe. Sikulaumu. Ulitaka waelewe, na mmoja alielewa.

Lala, Mwalimu. Udongo wa kichwani nitauongeza tena mvua zikija, kama nitakuwepo. Kama sitakuwepo, nisogezee mrija.

Na hili nakuahidi. Jumamosi, kabla ya kufika kwenye chungu, nitashika ile njia ya shuleni, nipite kwa Yona, tuingie pamoja. Safari hii nitapita.

Mkimbizi wako.