Mzimu wa Krismasi Hii

Norwich, Novemba 1871

Mdogo wangu Ambrose,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua. Paka amezaa ndani ya kofia yako ya zamani.

Kitabu changu cha historia ya malkia nimekiona dukani. Nilikiandika mimi kwa miaka sita. Wewe ulibeba tu karatasi kwa mchapaji, na jaladani umeweka jina lako! Namlalamikia Mama, ananijibu, "Mwachie mwenzio. Yeye kasisi, wewe si una hadithi zako za mizimu magazetini?" Mizimu hiyohiyo ndiyo iliyokusomesha, bwana mkubwa!

Haya. Gazeti limeipokea hadithi yangu ya Krismasi, na waumini wako wote wataisoma: mzimu wa kasisi mwizi anazurura makaburini bila kichwa. Jina langu ulilitoa jaladani. Lako nimempa huyo mzimu.

Dada yako,
Keziah