Nishani ya Mwana wa Ntahomvukiye

Temeke, 4 Oktoba 1996

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama Spesiosa. Mimi sijambo, cherehani inazunguka, ila mguu wa kulia unalalamika kwa kukanyaga pedali.

Baba, nina habari ya nishani yako. Mteja wangu mmoja mumewe ni mwanajeshi. Nikamsimulia kwamba baba yangu alikuwa mgambo, akaenda vita ya Kagera, akambeba mgongoni afande aliyejeruhiwa kwenye kinamasi, akaahidiwa nishani na mpaka leo hajaiona. Yule bwana akanipeleka ofisi ya kumbukumbu. Jalada lako lipo. Habari ya kumbeba afande imo, na pendekezo la nishani limo. Halafu limekatwa kwa mstari. Pembeni pameandikwa: "Si raia. Mzaliwa wa Burundi."

Wewe umezaliwa Kagunga, upande wetu wa mpaka, na makaburi ya kwenu yako Kagunga. Nani aliandika hivyo? Niambie, nitawafuata mpaka wasahihishe. Nataka uivae siku ya Idi, wanaokucheka hapo Ujiji wakuone.

Mwanao,
Hasna


Ujiji, 29 Oktoba 1996

Hasna mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, hofu kwako wewe uliye kwenye mji wa watu wasiosalimiana. Huo mguu upake mawese. Mimi mawese ndiyo yaliyonirudisha kutoka vitani.

Barua nimeisoma mwenyewe kwa ngumbaru yangu hii hii. Kisha nikaipeleka barazani nikawasomea wale wanaoniita muongo. Nilipofika pale kwenye kumbeba afande nikajifanya sijaona vizuri, nikapasoma tena. Wote wakawa wanatazama ndala zao. Sasa waambie hao wenye jalada waongeze na hili: walikuwa maafande wawili, na redio, na ile redio ndiyo ilikuwa nzito.

Sikia huo Urundi ulikotoka. Siku ya kuandikishwa tulipanga mstari, karani akiwa kijana wa Pwani, mwembamba kama uzi wa wavu. Jina? Khalfani Ntahomvukiye. Kalamu ikagoma. Akamuuliza Dismasi, aliyekuwa nyuma yangu, hilo jina ni la nini. Dismasi unaujua mdomo wake. Akamwambia, kwa Kiha chetu ni kama mtu anasema sina nilikozaliwa. Basi yule karani swali lililofuata hata hakuniuliza. Mtu hana alikozaliwa, si katoka ng'ambo ya mpaka? Akaandika mwenyewe, akaniambia pita.

Jina lile babu yako alipewa kwa sababu mama yake alijifungulia ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, nani ajue maji yale ni ya nchi gani. Mimi nimezaliwa nchi kavu, Kagunga. Dismasi bado yuko kule anavua dagaa, mtafuteni awe shahidi. Tulikua naye ufukweni hatuna hata kaptula.

Mama yako anakusalimu. Anasema nishani hailiwi. Nimemwambia nitaitundika juu ya jiko lake, tuone kama maharage hayataiva kwa woga.

Baba yako,
Khalfani, mbeba maafande wawili


Temeke, 20 Novemba 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mawese nimepaka, wateja wanasema nanuka Kigoma.

Mara ya mwisho ulipotusimulia afande alikuwa mmoja. Jalada nalo linasema mmoja, na bunduki yake. Naomba abaki huyo huyo, nisije nikaumbuka.

Ofisi wamekubali kusahihisha, lakini wanataka uhakika wa kuzaliwa kwako. Wameandika barua kwenda Kigoma, watakuja watu kukuuliza, na Dismasi naye atahojiwa. Wakija wajibu kwa upole, usiwasimulie vita yote.

Huku redio inasema wakimbizi wanamiminika kwenu kila siku. Mama anaendeleaje? Mwambie namshonea gauni la kitenge.

Mwanao,
Hasna


Ujiji, 16 Desemba 1996

Hasna,

Marahaba. Watu huandika sisi wazima, hofu kwako. Leo sikuandikii hivyo. Wewe huko kaa kwa amani, hofu iko hapa, imekalia kigoda changu.

Watu wako walikuja. Wawili, mmoja na kofia ya jeshi. Lakini wamekuja wakati mbaya. Wiki hizi askari wanapita kukusanya Warundi wanaoishi nje ya kambi. Hata wale waliokuja mwaka wa sabini na mbili, waliopanda michikichi ikazaa, wakaozesha watoto hapa, wanapakiwa kwenye lori na godoro lao. Nyumba ya tatu kutoka kwetu haina mtu, kuku tu wanaingia na kutoka.

Yule mwenye kofia akafungua barua uliyoandikisha wewe, akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Kumbe wewe ndiye Mrundi unayedai nishani."

Nikacheka, maana mimi mtu akinitania humpa chake. Yeye hakucheka. Nikamwambia mimi Muha wa Kagunga. Akaandika. Kisha akatazama nyuma yangu. Mama yako alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akauliza, na huyu? Nikasema Muha mwenzangu, wa Manyovu. Akamtazama muda mrefu, wala hakumuuliza kitu. Wakaondoka. Bora angeuliza.

Mama yako alivuka ziwa mwaka ule wa sabini na mbili, akikimbia mauaji ya kwao, na nguo aliyovaa. Wewe ulikuwa mdogo, marehemu mama yako tumetoka kumzika, akakuchukua ukawa wake. Karatasi hana. Nani amdai karatasi mwanamke aliyeuza dagaa soko hili mpaka wateja wamezeeka? Sasa namfundisha salamu. Asubuhi mtu aseme "mwakeye" kama sisi Waha, aache ile "mwaramutse" ya kwao. Namwigiza askari, navimbisha mashavu, anacheka. Lakini ungo umemshinda kushika, dagaa wanamwagika.

Mimi niliyelala chini ya mizinga, Hasna, nikisikia lori linapunguza mwendo naacha kutafuna.

Iache nishani. Waambie nimekufa.

Baba yako


Temeke, 8 Januari 1997

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama. Sikujua. Nilidhani nakuletea furaha, kumbe nimewaonyesha mlango wako.

Nilikimbilia ofisini niwaambie waache. Wakasema jalada likishafunguliwa halifungwi kwa kuombwa. Lakini limekwisha vizuri kwa upande wako. Dismasi ametoa ushahidi, wamesahihisha. Sasa pameandikwa: "Raia. Mzaliwa wa Kagunga, Kigoma." Barua yenyewe naifunga humu, ina muhuri. Tembea nayo, kila mahali.

Mama mpandishe treni aje kwangu. Avae baibui, asizungumze na mtu njiani, nitampokea stesheni. Asiende sokoni tena, hata kwa chumvi. Mfungo unaanza, waambie majirani amesafiri kwenda kufunga kwa mwanawe. Nijibu haraka.

Mwanao,
Hasna


Temeke, 2 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Kila treni ya Kigoma ikiingia nakwenda stesheni, nawatazama wanawake wenye baibui mpaka wananishangaa. Nawauliza abiria wa Ujiji, wengine wanasema hawajui, wengine wananikwepa macho.

Nishani imetoka. Nimetia sahihi kwa niaba yako, iko kwenye mtoto wa meza pamoja na nyuzi. Ni ndogo kuliko nilivyofikiri.

Andika, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Hasna


Ujiji, 12 Februari 1997

Hasna mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nimezikuta kwa jirani nilipotoka safari. Mimi nipo. Mama yako wamemchukua.

Ilikuwa kabla barua yako ya treni haijafika. Alikwenda soko la Mwandiga kununua maharage. Nilimkataza, akasema Mwandiga hawamjui, ndiyo maana anakwenda. Hawakumkamata kwa kumkimbiza wala kwa kumdai kitambulisho. Mwenye kibanda kinachotazamana na soko ameniambia yote. Kijana mmoja mtanashati, hana hata fimbo, alikuwa anapita kati ya wanawake wanaouza, anainama kwa heshima, anasema "Mwaramutse, mama." Wanawake wa kwetu walikuwa wanamtazama tu, au wanamjibu kwa Kiswahili. Mama yako alikuwa anahesabu vibaba vya maharage. Mtu kamwinamia, kamwita mama. Akaitika kwa Kirundi, kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake, hata akamuuliza nyumbani kwao hawajambo.

Kwa hiyo masomo yangu yote, na mashavu yangu ya kuigiza, yamekwenda kwa salamu moja.

Nilimfuata mpaka kambini. Barua yako ya muhuri nilikuwa sijaipata, lakini habari ilikuwa imetangulia. Karani wa getini akatazama kitabu chake akasema, Khalfani Ntahomvukiye, wewe tumeshakuhakiki, wewe raia, hapa si pako. Nikamwambia huyu ni mke wangu. Akasema mke hana karatasi, anakaa ndani, mume ni raia, anarudi kwake. Nikaanza kumsimulia Kagera. Nilikuwa hata sijafika mtoni akamwita mwingine.

Nikalala kwa watu jirani na kambi, kila asubuhi narudi getini. Nilimwona mara moja kwa mbali. Bado ana kikapu alichokwenda nacho Mwandiga, kitupu, amekikumbatia. Wenyeji wa pale wanasema wako waliopakiwa wakavushwa mpaka, wakarudishwa kule kule kwenye risasi. Siku wanayopakiwa hawaambiwi.

Hasna, mimi sijawahi kukuomba kitu. Ile karatasi mbovu, ile ya zamani iliyosema mimi Mrundi, nitumie. Hii nzuri naiweka chini ya godoro. Wakisema wameshanihakiki, niwaonyeshe jeshi lenyewe liliandika nini, waniingize aliko mama yako.

Baba yako,
Khalfani


Temeke, 24 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa, hii ndiyo ya mwisho. Kwenye zile nilizochana nilikuwa nakukatalia. Ukiingia na karatasi hii huenda usitoke, na wakivusha watu, watakuvusha na wewe, na kule huna hata mtu mmoja unayemjua.

Halafu nikakumbuka. Wewe ulipokuwa kwenye kinamasi na afande wako mgongoni, mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama Spesiosa. Nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa, lakini surua ilinilaza. Alinibeba kutoka Ujiji mpaka hospitali kwa miguu, hana ndugu mjini, anaimba Kirundi njia nzima ili nisilale. Yeye hakuna aliyemfungulia jalada.

Karani wa ofisi alinishangaa, akaniuliza kosa unalitakia nini wakati umeshapewa sahihi. Nikamwambia baba anataka kumbukumbu. Akanitolea nakala. Imo humu.

Nishani nabaki nayo. Wakikukuta nayo hawatakubali kwamba wewe ni Mrundi.

Mwanao,
Hasna


Kambini, 21 Machi 1997

Hasna mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, mimi mzima, na hofu tumegawana humu ndani kwenye turubai moja, kwa hiyo usijitwishe yote peke yako.

Karani wa getini safari hii alikuwa mwingine. Karatasi yako aliigeuza akasema imefifia, haisomeki. Nikaona nimekwisha. Akachukua fomu mpya akaniuliza mwenyewe, "Mzee, umezaliwa wapi?"

Nikamtajia jina la babu yako. Akamtazama mkalimani. Mkalimani akamweleza maana yake, maneno yale yale ya Dismasi, na kucheka kule kule. Karani akaandika Mrundi, akanionyesha kwa kalamu mlango wa kuingilia. Jeshi lilinikosea, na huyu amenikosea vile vile, na nimemshukuru.

Huku hakuna anayeniamini. Nikianza habari ya Kagera wananiuliza tangu lini Mrundi akapigana vita ya Watanzania. Shahidi wangu ni mama yako peke yake, na yeye akiulizwa anasema afande alikuwa mmoja. Basi alikuwa mmoja, Hasna. Alikuwa mzito, na alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia zaidi yake. Hilo barazani sikuwahi kulisema.

Asubuhi wanasoma majina getini. Aliyesomwa anapanda lori. Juzi walianza jina, wakasema Nta, nikasimama. Kumbe ni mwingine, majina ya namna yangu huku ni mengi. Mama yako akanivuta kwa shati nikakaa. Tumekubaliana hivi: likisomwa langu anasimama na yeye, likisomwa lake nasimama na mimi. Lori lolote litakalokuja litatubeba pamoja.

Gauni la kitenge lishone, vipimo vyake ni vile vile, labda kiuno upunguze. Nishani iache kwenye nyuzi. Na ukipita ile ofisi, usimwombe mtu asahihishe kitu.

Baba yako,
Ntahomvukiye