Matundu Manne ya Zaituni

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri. Nimefua magauni ya Zaituni yamegoma kukauka, na mimi sina hamu hata ya chai.

Blogu hii alinifungulia yeye, mwanangu Zaituni, mwalimu wa hesabu Chalinze, wa kwanza kwenye ukoo wetu kushika chaki. (Mnajua lazima niseme!) Jumatano niliandika hapa kwamba katolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe, huko Dar, kwa matundu manne madogo tu, na kesho yake karudi kwangu Bagamoyo anatembea mwenyewe. Yote kweli. Leo naandika yaliyofuata.

Nilijivuna mno. Kila aliyekuja kumjulia hali, mimi: "Hebu inua gauni wakuone." Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, anafunua tumbo kwa sababu mama yake kasema. Jirani yangu Bi Tatu akachungulia: "Ndiyo kupasuliwa huku? Mbona kama kachomwa na mwiba wa samaki!" Tukacheka sana.

Zaituni hakucheka.

Ijumaa nilikuwa na dua ya shukrani, pilau masufuria mawili, mtaa mzima nimeualika. Alhamisi jioni akaniambia tumbo linamuuma kuliko siku ile ya kwanza, na anasikia baridi. Nikamgusa, anachemka.

"Jikaze mwanangu, wageni waondoke kwanza. Usiniaibishe."

Usiniaibishe. Limetoka kinywani mwangu hilo.

Na hospitali walitupa karatasi: homa, maumivu yanayozidi, macho ya manjano, rudini siku hiyo hiyo. Niliisoma kwa sauti kwenye basi, kisha nikaikunja nikaitia mkobani.

Basi Ijumaa alikaa mkekani, kaegemea ukuta, anaitikia amina huku jasho linamtiririka. Bi Tatu ndiye aliyemtazama usoni. "Shoga, mtoto macho manjano haya! Acha pilau, tafuta gari."

Hospitali wakasema nyongo ilikuwa inavujia tumboni. Wamemwekea mrija wa kuitoa, na atapona inshallah, ila atalala wodini siku nyingi. Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. "Mama, wengi baada ya upasuaji huu wanapona vizuri. Wachache hupatwa na hili, ndiyo maana ya ile karatasi. Mngekuja jana, asingeteseka hivi."

Jana muuguzi alikuja kumsafisha vidonda. Zaituni akavuta shuka mpaka kifuani, akasema taratibu, kwa adabu zake zile zile nilizomfunza:

"Mama, samahani. Geukia ukutani."

Nikageuka.

Nilikuwa nataka watu wamwone yeye kapona, au wanione mimi?

Kesho nampelekea magauni haya, makavu au mabichi. Nitakaa nje ya pazia mpaka aniite mwenyewe.