Zile Nambari Niliandika Mimi

Bhaji Harjit,

Hii barua inakuja kwa anwani ya mjomba wako hapo Nairobi, na sijui kama itakukuta kabla hamjapanda ndege. Naandika haraka. Naandikia juu ya goti, kwa hivyo usicheke mwandiko, wewe ambaye ulikuwa unanichekanga hata siku nzuri.

Niko kwa benchi ya nje ya ofisi ya manija. Nimeambiwa ningoje. Nitakwambia nangoja nini, lakini wacha nianze na wewe kwanza, ndio nipate nguvu.

Unakumbuka ile siku ya kwanza tuliongea? Sisi wasichana sita tulikuwa tumekaa kwa mstari tukitobolea kampuni ya mbegu kadi za wakulima, kila shimo ni herufi ama nambari ya kusomwa na kompyuta, nani ana shamba wapi, nani anataka mbegu gani. Wewe ulikuwa mtu wa chumba ya baridi, mwenye kuendesha kompyuta, kilemba safi na kalamu nne kwa mfuko. Hakuna mtu wetu aliingia huko. Mimi nilikuja hadi mlangoni na kadi moja nikakuuliza hii inasema nini, maana haikuwa jina ya mtu na haikuwa shamba. Nyuma yangu Wanjiku akasema Njeri ameenda kutafuta bwana, na wote wakacheka.

Wewe hukucheka. Ukaniambia hiyo kadi ni amri. Kwamba ndani ya mashine kuna masanduku, kila sanduku lina nambari yake, na amri nazo ni nambari tu, zinakaa kwa masanduku pamoja na nambari zingine, na mashine yenyewe haioni tofauti. Nikakuuliza, sasa haiwezi kukosea ichukue shamba ya mtu ifikirie ni amri? Uliniangalia sana. Halafu ukafungua droo ukatoa ile daftari.

Bhaji, sijawahi kukwambia vile hiyo daftari ilinifanyia. Mimi niliacha shule Form Two. Nilikuwa nimeshakubali kwamba kujua vitu ni ya watu wengine. Na hapa kuna daftari ya kawaida, ya kurasa za mraba, inazunguka kama chungu ya kukopeshana: wewe Nakuru, Mwalimu wa hesabu kule Njoro, na yule karani wa simu wa stesheni ya Gilgil, Mzee Barasa. Unauliza swali, unapatia mtu wa treni, wiki ijayo inarudi na majibu mawili yanayopigana. Sheria yenu ilikuwa moja tu: hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu, ndio wengine waone mahali ulipotea. Swali langu la kwanza niliandika na penseli, na Mzee Barasa akajibu na wino mwekundu, "Binti, hapa hatuogopi. Andika na kalamu."

Kwa mwaka mmoja nilikuwa nangojea hiyo daftari kama watu wanangojea mshahara. Naisoma nikipika. Mama alikuwa anauliza ni barua ya nani hii haina hata salamu, ni nambari tupu. Nilimwambia ni watu wanabishana. Akasema kama ni ubishi basi wanabishana vizuri, maana hawatukanani.

Na zile Jumapili kwa baraza ya mama yako! Hatukuwa na mashine ya kuchezea, kwa hivyo tukawa mashine sisi wenyewe. Viberiti tupu, tumevipanga sakafuni na nambari juu ya kila kimoja, na vikaratasi ndani. Wewe ulikuwa msomaji wa amri. Mwalimu alishika kile kibao cha kuhesabia. Mimi nilikuwa miguu, kwenda kuchukua, kurudisha, kwenda tena, hadi magoti yakawa nyekundu na vumbi. Mzee Barasa alikaa kwa kiti akitukosoa, na mkibishana naye anasema Muhindi na Mluhya wakielewana juu ya viberiti, huyu Mkikuyu atafute njia ya kuviuza. Hata mama yako alicheka, akaniambia nikuite Bhaji, yaani kaka, kama wadogo zako, nisikuite "Bwana" kwa nyumba yake.

Sasa nimefikiria hizo Jumapili mpaka kichwa inauma, na nimeona mahali tulikosea. Tulikuwa tunajua tumemaliza. Hiyo tu. Nambari kubwa kuliko zote imepatikana, Mwalimu anaisoma, mama yako analeta chai na bajia, tunainuka. Hakuna hata siku moja tuliandika amri ya kusimama, kwa sababu nani anahitaji kuambiwa asimame na chai iko hapo? Kurasa zote za ile daftari, ubishi wote ule, na hakuna mmoja wetu aliuliza.

Halafu ile Ijumaa ya mwezi wa pili. Ni mimi nilikuomba. Usiseme ni wewe, ni mimi. Nilikuwa nimeandika programu yangu ya kwanza, yangu peke yangu, ya kutafuta nambari kubwa kati ya nyingi, na nimeitoboa kwa kadi wakati wa mapumziko. Wiki mbili nilikuwa nakusumbua. Uliniambia manija akienda kula saa saba tunaweza kuijaribu dakika tano. Nilikuja na kadi zangu ndani ya gazeti kama mtu ameiba nyama.

Unakumbuka sauti? Ile mngurumo, halafu taa zikacheza, halafu jibu likatokea, na lilikuwa sawa! Nilikushika mkono nikaruka. Nafikiri hakuna siku nimefurahi hivyo. Na tukiwa bado tunacheka, mashine ikaendelea.

Haikuambiwa isimame, kwa hivyo ikaenda sanduku lifuatalo, na lifuatalo, ikaingia katikati ya kazi ya asubuhi ambayo bado ilikuwa humo ndani. Na upande wa kutoboa tulikuwa tumeacha trei ya kadi za wakulima, zile zenyewe, za asili, zikingoja kuongezwa mbegu za mwaka huu. Ikaanza kuzitoboa. Mashimo juu ya mashimo. Tak tak tak tak. Mimi niliganda. Wewe uliruka ukapiga ile swichi, lakini kufika hapo trei ilikuwa karibu kuisha.

Ukachukua kadi moja ukaiinua kwa dirisha. Haikuwa na jina tena, ilikuwa kama kitambaa imeliwa na panya.

Halafu ulifanya kitu ambacho kinaninyima usingizi hadi leo. Ulinirudishia gazeti yangu tupu ukasema, polepole tu, kama mtu anaagiza chumvi, "Nenda ukale, Njeri. Wewe hukuwa hapa."

Na mimi nikaenda, Bhaji. Niliketi na wenzangu nikala maharagwe. Nina miaka kumi na tisa na niliogopa, na nikaenda.

Unajua zingine, vile uliwaambia ni wewe wakakufuta kazi. Lakini hujui yote, kwa hivyo ngoja nikwambie vile ilikuwa baada ya wewe kutolewa. Wakulima walianza kuja. Mvua iko karibu, kila mtu anaangalia mawingu juu ya Menengai, na mbegu ziko kwa stoo lakini hakuna anayejua ni za nani. Wametoka Bahati, Molo, Subukia, wanalala kwa geti. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli Muhindi alichoma majina yao ndio watu wakose kupanda. Nilisema sijui. Nilisema hivyo nikimwangalia kwa macho.

Halafu tukasikia kibali chako cha kukaa kimefutwa kwa sababu ya zile kadi. Kwamba umepewa siku kumi na nne utoke Kenya, wewe na mama, na umezaliwa hapa Nakuru, na mama yako hajui hata baridi ya huko ng'ambo inakaa aje. Wanjiku alileta hiyo habari akila mhogo. Mimi niliacha kadi zangu nikatoka nje.

Nilifikiria daftari. Ile programu nilikuwa nimeiandika humo, mwandiko wangu, na kalamu. Nikasema nikionyesha hiyo, kila mtu atajua ni nani. Jumamosi nikapanda treni hadi Gilgil, ndiko ilikuwa imefikia. Mzee Barasa alinikaribisha vizuri, na nikiuliza daftari akanionyesha jiko. Aliichoma. Alisikia watu wa kampuni wanauliza uliza nani mwingine alikuwa na Muhindi, akafikiria polisi wakikuta kitabu imejaa nambari kwa nyumba ya mtu wa simu za serikali, ataeleza nini? Aliniambia aliipasua karatasi moja moja kwa jiko, na kila karatasi alikuwa anasoma kwanza. Huyo mzee alilia mbele yangu. Sikuweza hata kumkasirikia. Mimi ni nani nimkasirikie mtu kwa uoga?

Nikarudi nikamwambia mama. Nilifikiri atanipiga. Aliacha kuchambua sukuma, akaniuliza kama hii kitu nilifanya ni ya jela. Nikasema sijui. Akauliza kama huyo kijana ana mama. Nikasema ndiyo, na nimekunywa chai yake. Mama akarudia sukuma zake, na asubuhi ya kwenda kazini alinipigia viatu rangi.

Jumatatu niliingia kwa manija. Nikamwambia zile nambari zilizoharibu kadi niliandika mimi, Harjit hakuandika. Aliniangalia, halafu akaanza kucheka kwa roho safi kabisa, si ya ubaya. Akaniuliza ni nani amenituma. Akasema anajua vijana, anajua mapenzi, lakini nisijiharibie maisha kwa mtu anayeondoka.

"Wewe unatoboa kile umeandikiwa," akasema. "Hata mimi siwezi kuandika hiyo kitu."

Bhaji, nilikuwa nimejitayarisha kwa polisi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi. Sikuwa nimejitayarisha kutoaminiwa. Nikamwambia basi nipe karatasi. Hapo akaacha kucheka.

Hiyo ilikuwa jana, na ndio nangojea sasa. Wameita injinia wa zile mashine kutoka Nairobi. Yeye ndiye amebaki na kadi za programu yangu, zile zilitolewa kwa mashine siku ile, amezifunga na mpira. Nitapewa chumba, penseli, karatasi, hakuna kitabu, niandike upya. Nikiandika sawa, ni mimi mwenye makosa, na sijui watanifanya nini. Nikiandika vibaya, mimi ni msichana mjinga anapenda Muhindi, narudi kwa kiti yangu, mshahara iko, wadogo zangu wanaenda shule, na wewe unapanda ndege.

Unaona vile ni rahisi? Nambari moja tu. Naweza kusahau nambari moja, na hakuna mtu duniani atajua kama nilisahau au nilijisahaulisha. Hata mimi naweza nisijue. Hiyo ndiyo inaniogopesha kuliko jela. Usiku wote nilikuwa nazisema polepole, nikifika katikati naona giza, na siwezi kujua kama ni akili imechoka au ni mimi mwenyewe nazima taa.

Na kitu kingine, nikwambie wewe peke yako. Kuna mahali ndani yangu kunafurahi. Kwamba mtu mkubwa kutoka Nairobi ameitwa kuja kuangalia hesabu yangu. Nimekutia kwa shida, wakulima wanalala nje, na mimi bado kuna kitu ndani inasema waone, wacha waone. Sijui mtu kama huyo anaitwa nani. Naogopa huyo pia.

Wananiita.

Nimetoka. Ni saa nane. Askari wa geti amenipa maji.

Kulikuwa na meza, manija kwa dirisha, na injinia, mzee mfupi wa miwani, hakuniambia hata jina. Nilishika penseli na hakuna kitu ilikuja. Kabisa. Nilisikia manija akihema kama mtu ambaye amepona. Ndio nikafunga macho nikaona sakafu ya mama yako, na nikaacha kuandika kama mtu anakumbuka, nikaandika kama mtu anatembea. Chukua hapa. Peleka hapa. Linganisha. Magoti ilikuwa inajua.

Nilipofika mwisho nilitaka sana kuweka ile amri ya kusimama. Sasa naijua. Ingekuwa programu safi, na injinia angeona mimi si mjinga. Mkono ilikuwa imeshaanza. Lakini kadi zake hazina hiyo, Bhaji, na nikiiweka haitakuwa ile. Nikaiacha na kosa lake.

Alitoa ule mpira. Akalaza kadi moja kando ya karatasi, akasoma, akageuza, kadi ya pili, akasoma. Alipofika ya mwisho aliangalia ile nafasi tupu chini ya karatasi yangu kwa muda mrefu, akavua miwani, akamgeukia manija.

"Ni yeye," akasema.

Manija ameniambia nisitoke Nakuru. Amepiga simu kwa ofisi ya vibali, nilimsikia akitaja jina lako, na akasema kumekuwa na makosa. Sijui kama wanasikiza simu ya mtu mmoja. Usirudi hapa kwa ajili yangu. Lakini usipande hiyo ndege kabla hujaenda kuuliza, hata kama ni kesho, nenda na mama, simameni hapo mpaka wawajibu.

Kuna gari ya polisi imeingia kwa geti. Inaweza kuwa ni ya wakulima, wamekuwa wakipiga kelele. Nampa askari hii barua aniwekee kwa posta.

Mimi, mdogo wako ambaye siku ile alienda kula,
Njeri